JKT, JWTZ au Polisi? Hesabu umri wako kabla hujapiga kopi vyeti

Siku tangazo la ajira za polisi linapotoka, mashine yangu ya kopi haipoi. Nina steshenari ndogo jirani na stendi, na kwa kuwa niliwahi kukaa JKT miaka miwili, vijana wa hapa wananiita Afande. Kambini hakuna aliyeniita hivyo. Wananiita hapa, nusu utani nusu heshima. Wanakuja na bahasha za kaki zenye vyeti, simu mkononi, na swali moja: "Afande, niombe wapi?" Ukimuuliza anataka nini, anasema jeshi. Jeshi lipi? "Lolote tu, Afande."

Hiyo "lolote tu" imewagharimu wengi. Milango ya vyombo hivi haifunguki siku moja, haifungwi kwa umri mmoja, na mingine ukishaipita inafunga ile uliyoiacha nyuma. Kijana wa miaka 18 na kijana wa miaka 23 wenye vyeti vinavyofanana kabisa hawatakiwi kupewa ushauri mmoja.

Tuweke majina sawa kwanza, maana mtaani kila mwenye kombati ni mwanajeshi. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, na JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, viko chini ya Wizara ya Ulinzi. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto viko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zanzibar kuna vikosi vya SMZ, yaani serikali ya huko: JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (wa kuzuia magendo), Valantia, Chuo cha Mafunzo (ndio magereza yao), na Zimamoto yao. Hapa nitazungumzia zaidi upande wa Bara, na zaidi JKT, JWTZ na Polisi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapochanganya.

Nitatumia vijana watatu waliokaa kwenye benchi langu wiki moja. Majina nimeyabadilisha. Yusufu ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne mwaka jana. Neema ana 19, ametoka kufanya mtihani wa kidato cha sita. Baraka ana 23, kidato cha nne, daraja la tatu, amekuwa akiendesha bodaboda ya mjomba wake.

JKT si ajira, na wenyewe hawajawahi kuficha

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wazee wetu wengi walipita huko kwa lazima, kisha mafunzo ya lazima yakasimama mwaka 1994. Vijana wa kujitolea walirudi mwaka 2001, na wahitimu wa kidato cha sita wakaanza kuitwa tena kwa mujibu wa sheria mwaka 2013. Kwa hiyo leo kuna njia mbili za kuingia kambini, na cheti cha mwisho wote wanaita cha JKT.

Ya kujitolea ni mkataba wa miaka miwili. Maombi yanapitia wilayani na mkoani, usaili unafanyikia huko huko, na kila tangazo linarudia sentensi ambayo vijana wanairuka kama masharti ya programu ya simu: JKT haitoi ajira wala haiahidi ajira kwenye vyombo vya ulinzi na usalama. Inakupa ukakamavu, uzalendo, na stadi ya kukufanya ujiajiri. Ukikubali sentensi hiyo kabla ya kwenda, utaishi vizuri. Ukidhani ni maneno ya kisiasa, utaumia.

Mimi nilidhani ni maneno ya kisiasa. Miezi ya mwanzo ni filimbi kabla ya alfajiri, mchakamchaka, kwata mpaka nyayo zinatoa sauti moja, ruti machi usiku na begi mgongoni, silaha, ukakamavu. Hiyo sehemu kila mtu anaisimulia. Hawasimulii inayofuata, ambayo ndiyo ndefu. Unakuwa sevisimeni, au sevisigeli kama ni binti, na kazi yako inakuwa shamba, mifugo, matofali, ujenzi, ulinzi wa usiku. Mimi niliangukia mahindi mwaka wa kwanza, useremala mwaka wa pili. Ule useremala ndio umetengeneza hizi shelfu zinazoshika karatasi zangu, na sijutii. Lakini sikuwa nimeenda kutafuta shelfu.

Kuna siku vyombo vinakuja kambini kuchukua vijana. Hapo ndipo faida kubwa ya JKT ilipo, na ipo kweli: kuna miaka Polisi, Magereza au Uhamiaji wamechukua waliopita JKT peke yao, na JWTZ nao huchukua makambini. Mnapangwa uwanjani, majina yanasomwa, mnapimwa. Tulikuwa platuni yenye vijana wanaojuana mpaka kikohozi. Jioni nusu ya vitanda vilikuwa na begi zilizofungwa, na nusu nyingine tulijifanya tumelala. Aliyekuwa juu yangu, kijana wa Songea aliyekuwa na miguu myepesi kuliko wote kwenye mbio, hakuitwa. Aliyekuwa chini yake, ambaye kila ruti machi alikuwa wa mwisho, aliitwa. Sikuwahi kujua kwa nini, na sitajifanya najua.

Mwezi Aprili 2021 vijana 854 walisitishiwa mikataba baada ya mgomo wa kudai ajira walizoamini wameahidiwa. Walikuwa wameshafanya kazi za ujenzi kwa mikono yao. Sitaki kuingia kwenye nani alikosea, ila anayekwenda JKT na ahadi ya mdomo kichwani ajue ahadi ya mdomo haimo kwenye mkataba.

Sasa hesabu ya umri. Kwa kujitolea, kikomo cha umri kinapanda kadiri elimu inavyopanda, na kwa mwenye kidato cha nne dirisha hilo hujifunga mapema, karibu na miaka 20. Yusufu, mwenye 18, akiingia leo anatoka na 20 au 21. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yametaja kikomo cha miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita; Polisi 25. Ana miaka mitatu, minne ya kujaribu baada ya kambi, achilia mbali nafasi ya kuchukuliwa akiwa ndani. Kwake JKT ni dau zuri. Nilimwambia aende, na nikamwambia achague fani kabla hajafika, asiachie fani imchague. Fundi umeme au fundi bomba akirudi uraiani hakai bila kazi wiki mbili.

Baraka, kwa 23 yake, JKT ya kujitolea imeshampita. Alikasirika kidogo nilipomwambia. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kijiweni kwamba "bila JKT huingii popote", na akawa amekaa miaka mitatu akingoja nafasi za JKT zitoke wilayani kwao wakati matangazo mengine yanapita.

Miezi mitatu au miaka miwili kwa cheti hicho hicho

Neema alikuja na mama yake. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya mujibu wa sheria, kapangiwa Kanembwa, Kigoma. Mama akaniambia, "Mwanangu, Kigoma mbali. Si akae tu nyumbani angoje chuo? Mbona mtoto wa jirani hakwenda na yuko chuo?"

"Mama, ni kweli. Wapo wasiokwenda na wako chuo."

"Sasa?"

"Neema anataka nini baada ya chuo?"

Neema akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba anataka kuwa rubani wa jeshi. Mama hakuwa amelisikia hilo kabla. Tukakaa kimya kidogo, printa ikiendelea kutema karatasi za mtu mwingine.

Mujibu wa sheria ni miezi mitatu. Kujitolea ni miaka miwili. Matangazo ya JWTZ yanatofautiana mwaka hadi mwaka: mengine yanadai cheti cha JKT, mengine yanakitaja kama kiambatisho kwa waliopita. Lakini hakuna mwaka ambao cheti hicho kimemharibia mtu. Mhitimu wa kidato cha sita anayekataa miezi mitatu akiwa na miaka 19, halafu akiwa na shahada na miaka 24 anaanza kutafuta namna ya kuingia kujitolea miaka miwili, ameuza ng'ombe akanunua kamba. Nimewaona kama wanne hapa dukani, wana shahada, wanaulizia nafasi za kujitolea.

Kwa hiyo kwa Neema sikuwa na maneno mengi. Nenda. Kambi hupangwa mbali na nyumbani kwa makusudi, na nauli ya kurudi uwe nayo toka siku ya kwanza, imetajwa kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Mtu mwenye ulemavu wa kuonekana naye huitwa, na huelekezwa kambi ya Ruvu, Pwani, ambako mazingira yameandaliwa. Hilo wazazi wengi hawalijui wanawaficha watoto ndani.

Na kuhusu nyota begani: uafisa wa JWTZ unapitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha. Wanaohitimu wanatunukiwa kamisheni na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, wanatoka maluteni usu, nyota moja. Chuo hicho kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha kinatoa hata shahada ya sayansi ya kijeshi. Lakini watu wanaota Monduli wakisahau kwamba kabla ya Monduli kuna ukurutu, yaani mafunzo ya awali, na kuruta wa JWTZ anaanzia Kihangaiko, kule Msata. Kuruta mwenye shahada na kuruta wa kidato cha nne wanachimba handaki moja.

JWTZ na Polisi: siku ya kawaida ikoje

Hapa ndipo ningependa mtu akae muda mrefu, na ndipo watu wanapokaa dakika tano. Wanalinganisha sare. Wanalinganisha nani anaogopwa mtaani. Mimi ningelinganisha Jumanne ya kawaida, mwaka wa nne kazini.

Askari wa JWTZ anaishi ndani ya uzio. Maisha yake ni kikosi chake: mazoezi, zamu ya lindo, kozi, fatiki (kazi za mikono za kambini), mazoezi tena. Raia anamwona Septemba mosi, siku ya majeshi, au kukitokea mafuriko na daraja limekwenda na maji. Akiwa na fani, tuseme udaktari, ufundi magari, mawasiliano, anafanya fani yake humo humo. Anaweza kukaa miaka bila kumkamata mtu wala kugombana na mtu. Kisha siku moja anaambiwa ajiandae, anakwenda Kongo, Afrika ya Kati au Lebanon chini ya Umoja wa Mataifa. Tanzania imekuwa na kikosi mashariki mwa Kongo toka 2013, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa usiku, tukapoteza vijana zaidi ya kumi kwa mara moja. Posho za misheni zimejenga nyumba nyingi Mbagala na Kimara, hilo ni kweli na kila mtu analisema. Semuliki haisemwi sana kijiweni.

Askari polisi anaishi na raia. Ametoka depo, chuo cha mafunzo cha Moshi, kapangiwa mkoa ambao hakuuchagua, na Jumanne yake inaweza kuanza kaunta, akiandika taarifa ya simu iliyoibwa na ya mke aliyepigwa, ikaendelea na kulinda benki, ikamalizikia doria saa tisa usiku. Msimu wa mitihani analala na maboksi ya karatasi za mtihani. Uchaguzi, analala na masanduku ya kura. Jumapili ya Simba na Yanga yuko uwanjani akiuangalia umati, mgongo ameupa mpira. Anatukanwa. Anabembelezwa. Anapewa noti iliyokunjwa, na hapo ndipo utajua kama ulilelewa. Kama wewe ni mtu wa kusikiliza, mwenye mdomo wa upole na ngozi nene, Polisi kuna kazi ya maana sana, na njia ziko nyingi ndani: upelelezi, trafiki, dawati la jinsia, kikosi cha mbwa na farasi, kikosi cha wanamaji. Kama wewe ni mtu wa hasira za haraka, tafadhali nenda kwenye uzio.

Namna ya kuingia nayo ni tofauti. Polisi wana mfumo wao wa maombi kwenye mtandao. Unajaza, unapakia vyeti na barua uliyoiandika kwa mkono wako. JWTZ, kwa waliokuwa nje ya makambi, tangazo la karibuni lilitaka maombi ya mkono yawasilishwe Makao Makuu ya Jeshi, Msalato, Dodoma. Polisi wanakuambia wazi kwamba utajigharamia hatua zote za usaili. Weka nauli ya safari mbili, moja ya usaili na moja ya kurudi ukiwa umekosa.

Ndoa: vyote viwili vinataka asiyeoa wala kuolewa. Polisi wametaja pia asiwe na mtoto. Alama za kuchora mwilini, usijaribu kuficha kwa vazi la mikono mirefu, utavuliwa.

Halafu kuna ule mlango unaojifunga. JWTZ kwenye masharti yao hawataki mtu aliyewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo au KMKM. Ukiingia Polisi ukiwa na miaka 20 kwa mawazo kwamba "nikichoka nitahamia jeshini", hilo halipo. Kwa hiyo kijana ambaye moyo wake uko JWTZ, na umri anao, asiombe Polisi kwa sababu tu tangazo la Polisi limetoka kwanza. Na kijana aliyebakiza mwaka mmoja asikae akisubiri tangazo la JWTZ kama anavyosubiri mvua za vuli. Yule mwenye umri aringe nao. Aliyebakiza mwaka mmoja achukue kilicho mbele yake.

Futi tano na inchi saba na nusu

Baraka tulifikia hapo. JKT imempita, JWTZ amebakiza mwaka mmoja, Polisi miwili. Daraja la tatu linatosha, hana mke, hana mtoto, hana kesi. Nikamwambia Polisi ndiyo yako. Akafurahi, akaomba karatasi ya kuandikia barua.

Kisha nikakumbuka kumuuliza urefu. Matangazo ya Polisi yamekuwa yakitaja futi tano na inchi nane kwa wanaume, futi tano na inchi nne kwa wanawake. Akasema, "Mimi mrefu, Afande, we nione." Nikamwambia vua viatu. Akasimama kwenye fremu ya mlango, nikaweka rula juu ya kichwa chake, nikachora alama kwa kalamu, tukashusha futi ya fundi nguo wa duka la pili. Futi tano, inchi saba na nusu. Tukapima tena. Akanyoosha shingo. Inchi saba na nusu.

Alama bado ipo mlangoni. Sasa kila anayekuja kuomba Polisi namsimamisha pale kabla sijamtoza hela ya kuskani. Wengine wananuna. Lakini bora kununa hapa kwa bure kuliko kukosea kwa nauli ya laki moja kwenda usaili, uvuliwe viatu mbele ya watu mia tano.

Nikamweleza Baraka vyombo vingine vitatu, haraka haraka, na nitavieleza hapa vivyo hivyo.

Magereza wanaanzia mafunzo Kiwira, Rungwe, kule kwenye baridi na migomba. Kazi yao ni kulinda wafungwa na kuwarekebisha, na magereza mengi ni ya kilimo, yako pembeni ya miji, kota ziko hapo hapo. Kwa mtu mtulivu asiyependa mji, maisha ya Magereza yana nafasi ya kulima na kusomesha watoto, japo hakuna anayeyaota akiwa mdogo. Sijawahi kuona mtoto anacheza "askari magereza".

Uhamiaji kila mtu anakitaka, kwa sababu ya viwanja vya ndege na sare nzuri. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70. Omba, lakini usiache kila kitu ukakingoja. Na ujue mpaka si uwanja wa ndege peke yake: kuna Tunduma, Kasumulu, Mutukula, Kabanga, Sirari, na vijiji katikati yake.

Zimamoto wanafundishwa Chogo, Handeni. Kikosi ni kidogo, nafasi chache, na mara nyingi wanataja fani: udereva wa magari makubwa, umeme, ufundi bomba, uuguzi. Mwenye leseni ya daraja kubwa na cheti cha VETA asipite bila kusoma tangazo lao. Watu wanadhani kazi yao ni moto. Waulize kuhusu visima na ajali za mabasi.

Baraka alichukua Magereza na Zimamoto kwenye karatasi, akaenda.

Vyeti, na hapa naongea kama mtu wa steshenari

Katika miaka niliyokaa kwenye hii mashine, wanaoanguka kabla hata ya kuitwa ni wengi, na wengi wao wanaangushwa na herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha shule kinasema Khamis, NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, inasema Hamis. Kwako ni jina moja. Kwa mfumo ni watu watatu. Kurekebisha RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, au NIDA kunakula muda, na tangazo mara nyingi linakupa wiki mbili. Rekebisha sasa, kabla ya tangazo, ukiwa huna haraka.

Ukiwa na namba ya NIDA bila kadi, chapisha ile nakala ya namba uiweke. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha kuzaliwa, si tangazo la kuzaliwa lile la hospitali; nusu ya wanaokuja wananikabidhi tangazo. Matokeo ya kidato cha nne, angalia kama tangazo linataja pointi, maana daraja la nne la pointi 26 na la pointi 32 hayatazamwi sawa. Na barua ya mkono iwe ya mkono wako. Kuna binti aliandikiwa na dada yake kwa mwandiko mzuri sana. Nikamuuliza, siku wakikupa kalamu kwenye usaili je? Akaikunja, akaandika upya pale pale kwenye kaunta, mistari ikipanda kilima. Nikaiskani hivyo hivyo.

Picha ya pasipoti, ondoa miwani, ondoa tabasamu la TikTok.

Mtu wa koneksheni

Kila msimu kuna mtu wa koneksheni. Anajua jina la kanali, ana picha yuko na watu wenye sare, anasema orodha iko kwake na nafasi zimebaki mbili. Binamu yangu alitoa hela iliyotokana na mbuzi wa bibi, kwa awamu tatu, kila awamu na sababu yake: ya fomu, ya daktari, ya "mkubwa". Mara ya nne, binamu alipotafuta nauli ya kwenda Dodoma kumfuatilia, simu ya yule mtu haikupatikana tena. JWTZ wamerudia mara nyingi hadharani kwamba nafasi haziuzwi. Polisi vivyo hivyo. Tapeli anategemea kitu kimoja: kwamba ukikosa utaona aibu kushtaki, kwa sababu na wewe ulikuwa unanunua.

Ukishaitwa

Jina la Neema lilikuwa limeshatoka, kwa hiyo tulimaliza na orodha ya vitu vya kubeba. Bukta ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, isiwe na zipu, mfuko mmoja nyuma, ishie magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Nguo ya baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi. Mama akasoma yote kwa kidole, akarudi kwenye bukta.

"Mfuko mmoja nyuma? Wa kazi gani?"

"Sijawahi kujua, mama. Lakini ukienda na miwili watakuonyesha."

Fundi wa duka la pili, yule mwenye futi, anashona bukta hizo kila Juni. Wiki majina yanapotoka kitambaa cha bluu kinapanda bei sokoni. Neema akapimwa kiuno palepale. Mama akataka ipanuliwe kidogo, "atanenepa huko." Mimi na fundi tukaangaliana, tukanyamaza.

Baraka alirudi baada ya wiki tatu, tangazo la Magereza kwenye simu. Kabla hajakaa, alivua viatu.